Idadi, Namba na Kiasi



Yako maneno ya hesabu yanayofanana kama mbuzi mapacha, nasi twayatumia ovyo tukidhani hakuna hasara. Hasara ipo, tena ya fedha.

Idadi ni ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja: ng'ombe zizini, watoto nyumbani. Sensa ya mwaka 2022 ilitupa idadi ya watu wa Tanzania: 61,741,120. Anayeuliza idadi auliza "wangapi?"

Namba ni jambo jingine. Hiyo ni kama jina. Katika kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zilipewa namba. Basi nyumba namba 40 haina maana kwamba nyumba ziko 40, wala si bora kuliko namba 39. Na ukijumlisha namba za simu za wanao wawili, wapata nini? Hapo swali ni "ipi?" Tazama pia "watoto wangapi?" na "mtoto wa ngapi?" Sikioni yakaribiana sana, lakini la kwanza lataka idadi, la pili lataka nafasi ya mmoja tu kati ya ndugu zake.

Kiasi ndicho kinachotuponza sisi wakulima. Kiasi hupimwa. Hapa kwetu Chimwaga, jirani yangu aliuza mahindi kwa mnunuzi aliyekuja na lori.

"Shikamoo mzee. Una magunia mangapi?"

"Marahaba. Kumi."

Wakapatana bei ya gunia. Kisha vijana wa lori wakaanza kushindilia, wakaongeza kilemba juu, wakashona kwa kamba. Ndiyo lumbesa hiyo, waijua. Tuseme kila gunia la kilo 100 lilibebeshwa kilo 20 za ziada. Kwa magunia kumi ni kilo 200, yaani magunia mawili mazima yalipanda lori bure. Na hesabu ilikuwa sawasawa, magunia kumi, hakuna aliyedanganya katika kuhesabu! Mzee aliuza idadi, mwenzake akanunua kiasi. Wakala wa Vipimo huhimiza kuuza kwa mizani, nami naona ni shauri jema, maana mizani haioni kilemba, yaona kilo. (Debe nalo, likijazwa mpaka likafanya kichuguu, ni ndugu yake lumbesa.)

Limebaki neno tarakimu. Hizo ni alama za kuandikia tu, nazo ni kumi, kuanzia 0 hadi 9. Hukosi kuona karatasi za fedha zikidai kiasi kiandikwe kwa tarakimu na tena kwa maneno. Usichoke kuandika mara mbili. Mwenye kalamu na nia mbaya aweza kuigeuza 100,000 kuwa 400,000 kwa vijistari viwili, lakini "laki moja" haigeuzwi "laki nne" bila kufuta.