Siri ya Mtungi

Msata yetu ni njia panda. Hapa ndipo barabara ya kutoka Bagamoyo, yenye kilometa 64, inapokutana na ile ya kutoka Chalinze kwenda Segera. Kwa hiyo gazeti likiitaja Msata, mara nyingi basi limepinduka. Sisi tuishio hapa, na mahindi yetu, na shida yetu ya maji, hatuhesabiwi kuwa habari.

Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya wakoloni, lilipokea habari kutoka sehemu nyingi za nchi, na walimu walikuwa miongoni mwa waliozituma. Lilikuwa gazeti la serikali na lilisema yaliyoruhusiwa. Hata hivyo, mtu wa mbali aliweza kuingia humo kwa kalamu na stempu.

Leo kuingia kuna bei. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, na kanuni za mwaka 2017 ziliweka stashahada kuwa elimu ya chini. Mimi niliyekula mkate wa ualimu siwezi kuibeza elimu. Lakini stashahada ni ada, na baada ya ada kuna mafunzo ya kazini mjini, ambako kijana aghalabu hujilipia chumba na nauli. Anayevumilia hadi mwisho ni yule mwenye shangazi Sinza.

Hata kabla ya sheria hiyo mlango ulikuwa mwembamba, na bawabu mmojawapo nilikuwa mimi. Nilipokuwa mkuu wa shule, binti mmoja wa mfugaji aliandika gazeti letu la ukutani vizuri kupita wenzake wote. Aliponiambia anataka uandishi wa habari, nilimjibu, "Mwanangu, hiyo ni kazi ya watoto wa mjini. Chukua ualimu."

Akautii ushauri wangu.

Miaka ikapita, ukazuka ugomvi wa mifugo na mashamba. Gazeti moja likaandika. Wakulima walinukuliwa, na kiongozi wa kijiji pia; mfugaji hakuulizwa hata mmoja. Yule binti, sasa mwalimu mzima, akaniletea gazeti lile.

"Shikamoo, mwalimu. Soma hapa. Wameandika kana kwamba sisi hatuna midomo."

Nilisoma, nikakosa la kumwambia. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata nilikuwa nayo mkononi, nikaiweka kando.