Mtoto wa Panga ya Saidi

Msafiri anayeipa bahari mgongo katika Kaunti ya Kilifi, akapanda kuelekea vilima vya Dzitsoni, hufika kwenye pango liitwalo Panga ya Saidi. Ni kiasi cha kilomita 15 tu kutoka pwani.

Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wenzao kutoka Ujerumani, walianza kuchimba hapo mwaka 2010. Mwaka 2013 vilionekana vipande vya mifupa, na mwaka 2017 likafunuliwa shimo lenyewe, kina cha mita 3 hivi. Mifupa ilikuwa dhaifu mno, ikigeuka vumbi ikiguswa. Basi waliifunika kwa plasta pamoja na udongo wake, wakaisafirisha hadi makumbusho ya Nairobi, kisha mjini Burgos, Hispania, ikapigwa picha za eksirei na kufunuliwa pole pole.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Alikuwa mtoto wa miaka 2 na nusu hadi 3, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita: kaburi la kale zaidi la binadamu wa jinsi yetu linalojulikana barani Afrika. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Mkao wa mifupa unaonyesha kwamba kiwiliwili kilifungwa kwa kitu mfano wa sanda, na kichwa kikaegemezwa juu ya kitu mfano wa mto, navyo vyote vikaoza.

Tusiharakishe kuwafanya watu wale kuwa sisi. Dini yao hatuijui. Hata hivyo, kisa cha wana wa Adam na kunguru chatukumbusha kwamba kusitiri maiti ni funzo la mwanzo wa wanadamu.

Wapo wanaouliza: je, ni halali kumfukua aliyelala? Swali hilo ni la haki, kwani mfupa wa maiti una hurma yake. Nionavyo, palipo na haja ya elimu, kipimo ni adabu ya mkono unaochimba. Hawa hawakuvunja kwa pupa, na wala hawakumpa nambari tupu. Walimwita Mtoto, kwa lugha yetu. Wazazi wanaowapeleka wana wao makumbusho wawaambie hivyo: huyu si kitu cha maonyesho, alikuwa na wa kumlilia.

Wallahu aalam.