Mzigo wa Gramu 740

Ndege yangu ya kwanza iliishi nusu siku. Niliiunda kwa mabua ya mtama, nyumbani Igalula, nikiwa darasa la nne: mwili wa mabua matatu, mabawa yaliyochomekwa kwa miiba, pangaboi la kipande cha kopo. Nikaiacha mlangoni. Jioni mzee akarudi kazini, akaikanyaga. Hakusema kitu. Alivua buti, akaomba maji ya kunawa. Asubuhi ile alikuwa amenigombeza kwa kushughulika na mabua badala ya hesabu, kwa hiyo kwa miaka 25 niliamini alifanya makusudi.

Mwaka jana mzee alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea. Mtu aliyefanya kazi kwenye gengi la reli ya kati zaidi ya miaka 30, akinyanyua mataruma na kupiga nyundo juani, sasa alishindwa kufunga vifungo vya shati. Niliomba likizo gazetini, nikapanda treni na begi la nguo na boksi moja la vifaa. Habari za boksi sikumweleza mtu. Mwandishi wa miaka thelathini na kitu anakwenda kumuuguza baba yake na ndege ya kuchezea? Ningeanzaje?

Ramani niliyobeba ni ya Kwik Fli, ndege ya michezo ya angani ambayo mbunifu wake, Mmarekani Phil Kraft, alitwaa nayo ubingwa wa dunia mwaka 1967 huko Corsica. Enzi zile ziliundwa kwa mbao za balsa na kuendeshwa na injini ndogo inayokunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Zilipiga kelele na kutapika mafuta. Yangu niliipunguza hadi bawa la mita moja, nikaiwekea mota ya umeme na betri ya lithiamu ya volti 11.1. Kwa Igalula hilo lina faida nyingine. Uwanda huu wa Tabora uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya mafuta huishiwa pumzi kidogo. Mota ya umeme haivuti hewa.

Balsa sikuwa nayo. Nilitumia mbao za povu, zile wanazotumia mafundi wa mabango Dar es Salaam, zikashikiliwa na mwanzi uliopasuliwa ndani ya bawa. Vijiti vya mishikaki vikawa pini. Kazi yote niliifanyia barazani, kwa sababu chumbani hakuna mwanga wa kutosha. Mzee alikaa kwenye kiti chake, mkono wa kulia mapajani, akitazama. Wapita njia walisimama: "Mwangaluka, mzee. Kijana anaunda nini?" Naye anajibu, "Muulize mwenyewe."

Ndege ya aina hii ina tabia yake. Bawa la ndege ya mwanafunzi limetuna zaidi juu, na ukiiachia rimoti hujitahidi kurudi sawa yenyewe. Hii imetuna sawasawa juu na chini. Kuruka wima au kichwa chini, kwake karibu ni mamoja. Haikusaidii kurudi. Unapoiweka ndipo inapokaa, na kosa ni lako.

Kwa hiyo mizani ndiyo kila kitu. Siku nilipomaliza niliipima kwa mizani ya duka la jirani: gramu 740, betri ikiwa ndani. Nilikuwa nahangaika kutafuta kitovu chake cha uzito, kama theluthi moja kutoka ukingo wa mbele wa bawa, mzee akanyoosha mkono wa kushoto. "Lete." Akaibeba kwa vidole viwili.

"Pua nyepesi."

"Umejuaje, baba?"

"Mzigo ni mzigo."

Babu wa babu yake alikuwa mpagazi kwenye njia ya misafara ya kwenda pwani. Wanyamwezi wale walibeba kama kilo 30 kila mmoja, na mzigo uliofungwa vibaya ulimmaliza mtu kabla ya Ugogo. Kisha reli ikafika Tabora mwaka 1912, ukoo ukahamia kwenye reli. Mimi ndiye wa kwanza kubeba maneno. Nikasogeza betri mbele sentimita mbili. Ikatulia.

Kibali cha TCAA nilianza kukifuatilia miezi kadhaa kabla ya safari, maana chombo kisicho na rubani hakirushwi kienyeji. Mwenyekiti wa kijiji naye tulimwona. Safari mbili za kwanza nilirusha peke yangu, mbali na reli na nyumba, nikaizungusha, nikaigeuza kichwa chini. Watoto walipiga kelele. Mzee alitazama tu.

Mara ya tatu nilimwita. Katika rimoti yangu, nguvu ya mota iko kwenye kijiti cha kushoto. Mkono wake wa kushoto ni mzima. Nikashika rimoti katikati yetu, kidole gumba chake kushoto, changu kulia. Bega lake lilinigusa. Sikumbuki mara ya mwisho tuliposimama hivyo.

"Ongeza, baba." Ndege ikapanda, ikaanza kupiga duara. "Ongeza. Bado. Bado." Kabla haijafika kileleni akapunguza. Labda kidole kilichoka, labda aliogopa. Ikaning'inia, ikalala upande, ikaporomoka. Nikaivuta, ikakaribia kunyooka, lakini ardhi ilifika kwanza.

Tuliikuta kwenye shamba la karanga, bawa vipande viwili, pua imesagika. Betri nikaichomoa haraka. Watoto wakanyamaza. Mzee akasimama juu ya mabaki muda mrefu, kisha akainama kwa shida na kuokota kipande cha bawa kwa mkono wa kushoto.

"Ile ya mabua," akasema, "sikuiona. Jua lilikuwa limenipiga kutwa, hata mlango niliuona kwa shida."

Sikujua kwamba anaikumbuka. Sijui pia kama nimwamini. Mimi ni mwandishi, kazi yangu ni kuuliza swali la pili. Nilifungua mdomo niulize.

"Gundi iko wapi?" akasema.

"Barazani, baba."

Akaanza kutembea na kipande chake. Nikaokota vingine, nikamfuata.