Kelele zilizonipeleka Grogan

Msomaji, ukivuka River Road jijini Nairobi na kuteremka hadi Barabara ya Kirinyaga, masikio yako yatafika kabla ya macho. Nyundo zinalia, mafundi wanakuita kwa mikono, na vipuri vimerundikwa hadi mlangoni. Wengi wangali wanapaita Grogan, jina la Ewart Grogan, Mwingereza aliyevuka Afrika kutoka kusini hadi Cairo, sehemu kubwa kwa miguu, akafika mwaka wa 1900. Yeye hakusumbuliwa na springi.

Mimi zilinisumbua. Nilikuwa nimeliinua gari langu kwa springi ndefu na shoki mpya ili lisikwaruze tumbo kwenye matuta ya mtaani. Wiki haikuisha, mbele kukaanza kubisha: ko! ko! ko! Jumamosi tulikuwa twende Nyeri kwa nyanya ya watoto, na mke wangu alikataa katakata kuwapakia humo.

Fundi wa kwanza Grogan alitaka ninunue shoki nyingine. Wa pili akadai boli jointi zote mbili. Nilikuwa nishatoa pochi, kijana mmoja aliyejaa grisi akaniambia: "Mzee, rudisha pesa mfukoni. Twende tulisikilize kwanza."

Tulipanda tuta kwa magurudumu yote mawili ya mbele pamoja: kimya. Tukaingia shimo kwa gurudumu moja: ko! Kijana akacheka. Kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona, alinieleza, hujipinda gurudumu moja linapopanda peke yake. Kwa hivyo mgonjwa ni linki yake. Aliishika kwa mkono, ikacheza. Nati ilikuwa imeachwa nusu.

Alipoikaza, alilegeza pia bolti za bushi na kuzikaza upya gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likining'inia kwenye jeki, alisema, mpira hujisokota na kuchanika mapema.

Hapo nikakumbuka jinsi nilivyomhimiza fundi wangu wa mtaani amalize kazi kabla ya giza. Haraka haraka haina baraka.

Basi nawe, kelele zikija baada ya kubadilisha kitu garini, usikimbilie kununua. Anzia pale spana ilipogusa mwisho. Sisi Nyeri tulifika salama, na kelele zote njiani zilikuwa za watoto.