Kwa nini majina ya watoto hayakusomwa

Bunia. Kila jioni redio yetu ya mtaa husoma majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia vita. Majina hayo tunayatunza katika hifadhidata ya MySQL, ndani ya kompyuta moja ya Ubuntu inayotumia umeme wa jua.

Juma lililopita, jioni mbili, hayakusomwa. Mama mmoja mhami alikuja hadi mlangoni akaniuliza: « Baba, mwanangu mmemtoa kwenye orodha? » Sikuwa na jibu. Leo ninalo: kosa lilikuwa letu, na mimi nimo.

Ili kulinda batiri, tulikuwa tumeizuia hifadhidata isijiwashe kompyuta inapowaka. Tuliiwasha kwa mkono jioni tu. Asubuhi moja intaneti ilikuwa nzuri, nikamwambia kijana wetu fundi asasishe programu zote. Tulisahau kwamba kazi haiishi faili zikishashuka. Hatua ya mwisho huhitaji kuamsha hifadhidata na kuzungumza nayo. Iliikuta imefungwa, ikarudisha kosa. Programu ikabaki nusu njia, na nyingine zinazoitegemea zikakwama nyuma yake.

Kijana alitaka kuifuta kabisa aanze upya. Skrini ikamwuliza kama afute na data zote. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nilimshika mkono. Majina yote yalikuwa bado salama katika folda /var/lib/mysql. Kilichoharibika ni usakinishaji tu.

Tulinakili kwanza folda ile kwenye flashi. Kisha tukairuhusu huduma kwa « systemctl enable mysql », tukaandika « dpkg --configure -a » ili kazi iliyokatika imalizike. Ikamalizika kwa dakika chache. Jioni mbili za wazazi zilipotea kwa sababu ya dakika hizo.

Kwa wenzetu wanaotunza orodha za wahami: kabla ya kusasisha, iruhusuni hifadhidata ijiwashe. Mkitaka kuizima, izimeni baadaye. Nakala iwepo nje ya mashini. Sisi sasa tunaandika majina kwenye daftari pia.

Mama yule alirudi juzi. Nilimwonyesha jina la mwanawe kwenye skrini, halafu kwenye daftari. Bado hajapatikana. Leo jioni tutalisoma tena.