Kabla Hujapokea Ukurugenzi

Kasulu

Mjukuu wangu mpendwa,

Tu wazima, na maharage mwaka huu yamekubali. Barua yako nimeisoma. Unasema kikundi cha Kibondo kimekuomba uwe mkurugenzi wake wa sanaa, nawe unahofu kwamba daftari na vikao vitakutenga na nyuzi za inanga.

Mimi nasema pokea. Wapigaji wa zamani hawakuhitaji mkurugenzi kwa sababu walikuwa na mtawala. Temusewo Mukasa alipiga ennanga, kinubi cha Waganda, katika kasri la Kabaka wao kule Mengo. Kasri liliposhambuliwa 1966 na falme zikafutwa mwaka uliofuata, wanamuziki wa kasri walitawanyika. Kule Zanzibar, Sultani Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri ajifunze kupiga kanuni, akarudi kufundisha wengine. Hata wapiga vinubi vya Ulaya, vile vyenye nyuzi 47 na kanyagio 7, wengi wanategemea okestra zinazolipiwa na serikali au matajiri. Kwetu Buha machifu walifutwa 1963, na kiti cha Heru alichokikalia Mwami Theresa Ntare kikabaki historia. Tangu hapo nani amemtunza mpiga inanga? Kazi hiyo imewaangukia wapigaji wenyewe, na ndiyo unayoombwa kuifanya.

Basi ifanye kwa ajili ya inanga. Unaijua sauti yake: ubao uliochongwa ndani kama bonde, kamba moja ndefu ikipita kwenye meno ya ncha hii kwenda ya pili mpaka zikawa nyuzi nyingi. Ukiiweka jukwaani nyuma ya ngoma, umeinyamazisha. Jirani zetu Warundi wana mtindo wa kuiimbia kwa mnong'ono, maneno yakae pamoja na nyuzi bila kuzifunika. Sasa waandaaji watakuja na ratiba yao, watataka ngoma kuanzia saa nane mpaka jioni kwa sababu ngoma hujaza uwanja, na inanga wataipa dakika tano wakati mgeni rasmi anaingia na watu wote wamesimama. Kataa. Omba ipigwe peke yake kabla ya ngoma, watu wakiwa wameketi karibu, maikrofoni ikielekezwa kwenye ubao na nyingine mdomoni. Wakikwambia watu hawana subira, waambie wakujaribu mara moja. Nayasema haya kwa uchungu, mjukuu wangu, maana nimeona wazee wakipiga vizuri kuliko wote uwanjani na hakuna aliyewasikia.

Asubuhi zako za mazoezi usimpe mtu. Vikao viwe mchana. Sophie Nzayisenga wa Rwanda alifundishwa inanga na baba yake, Thomas Kirusu, tangu akiwa mtoto mdogo, akasimama katika kazi iliyozoeleka kuwa ya wanaume. Wewe nawe watakupima kwa vidole kwanza. Cheo hakitakusaidia siku nyuzi zikikukataa.

Malipo yatoke siku ileile ya onyesho, kila mtu atie saini yake, mzee wa nyuzi asipewe soda na nauli huku mshereheshaji akiondoka na bahasha. Kila wimbo uandike umetoka kwa nani na kijiji gani. Profesa Mulokozi aliwafanyia Wahaya kazi hiyo, akakusanya tendi za enanga na kuziandikia kitabu. Zetu za Kasulu na Kibondo bado ziko vifuani mwa wazee, na wazee wanapungua.

Mkataba usiutie saini kabla sijauona. Niletee ukija, au mpe dereva wa basi la Kibondo, nitaupokea stendi. Soma hasa kifungu cha vyombo. Inanga uliyorithi kwa babu yako mkubwa iandikwe kwamba ni mali yako, kikundi kinaiazima tu, na ukiondoka unaondoka nayo.

Bibi yako anakusalimu, amekuwekea asali.

Babu yako