Ngumi na Mateke kwa Ajili ya Afya

Afya ni mali ambayo mtu huipata bila kuilipia, na kwa sababu hiyo huipoteza bila kuihesabu. Mkulima wa Kinjumbi, katika wilaya ya Kilwa, hana haja ya kuhimizwa kutoka jasho. Palizi ya ufuta na kazi ya korosho humtosha. Jembe ni mwalimu wake. Lakini mwanawe akisoma, akapewa kiti na meza, mwalimu huyo humwacha, na mwili hulegea kama ngoma iliyokosa moto.

Mmoja wa wana hao, mtu wa makamo aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, aliambiwa na daktari kuwa shinikizo lake la damu limepanda. Pamoja na dawa, alishauriwa kufanya mazoezi. Shirika la Afya Duniani humtaka mtu mzima apate kwa juma dakika 150 za mazoezi ya wastani, au 75 za mazoezi ya nguvu. Akachagua kikiboksi, mchezo uliopata jina lake Japani katika miaka ya 1960 kwa kuoanisha karate, ndondi na mapigano ya Kithai.

Siku ya kwanza hakupiga mtu wala hakupigwa. Alifundishwa kusimama, jambo alilodhani analijua tangu utotoni. Alijifunza kwamba teke la duara hutoka nyongani, na kwamba mguu unaobaki chini sharti uzunguke nalo, ama sivyo goti huumia. Alijifunza kutoa pumzi kila apigapo. Mazito kuliko mateke yalikuwa macho ya vijana. Mtu aliyezoea kusahihisha madaftari ya wengine alisahihishwa na kijana wa umri wa wanafunzi wake: "Shikamoo, mwalimu. Mikono juu, linda kidevu." Aliitikia marahaba, akainua mikono. Labda hilo ndilo lililokuwa zoezi gumu kuliko yote.

Alipokwenda Kinjumbi likizoni, alijaza gunia matambara, akalitundika mkoroshoni. Mzee mmoja alimtazama, akauliza: "Mwanangu, shamba lipo, gunia limekukosea nini?"

Swali hilo lina uzito. Nandete, katika milima ya Matumbi, ndiko Vita vya Maji Maji vilikoanzia mwaka 1905. Katika nchi yenye kumbukumbu hiyo, mzee ana haki ya kushangaa akiona mapigano yamefanywa mchezo. Tena jembe lililo tayari si la kudharauliwa: atokaye jasho shambani hupata afya na chakula pamoja. Mwalimu hakubishana. Asubuhi alipalilia, jioni akarudi kwenye gunia. Maana likizo ingekwisha, na shamba lisingemfuata mjini.

Yafaa basi kutenga mambo mawili. Kupigana ulingoni kuna hatari, hasa kwa ubongo, na anayetafuta afya tu hana sababu ya kupokea mapigo ya kichwa. Kufanya mazoezi ya mapigano ni jambo jingine, na mwenye maradhi amwone daktari kabla ya kuanza, wala asiache dawa zake kwa kuwa amejisikia mwepesi.

Aibu ya mtu mzima kuanza upya ni fupi. Maradhi yanayozaliwa na kuikwepa aibu hiyo huweza kudumu maisha yote.